Pita Kushoto kwa Mama

Kila asubuhi, kabla mwanafunzi yeyote hajaruhusiwa kugusa usukani, Mwalimu Breki aliwakusanya wote waizunguke meza ya mji. Ilikuwa meza ya mbao, pana kama kitanda cha watu wawili, imepakwa kijivu palipo na barabara na kijani palipo na majani. Juu yake kulikuwa na nyumba za vipande vya mbao, taa za barabarani za vijiti, na vigari vya kuchezea ambavyo wanafunzi walivisukuma kwa kidole huku wakitaja kwa sauti kila wanachokifanya. "Naangalia kioo. Naonyesha taa ya kushoto. Napunguza mwendo." Watu wazima na ndevu zao waliinama pale wakisukuma vigari, na aliyethubutu kucheka aliulizwa swali gumu.

Jina la Breki lilitokana na pedali ya pili iliyofungwa upande wake ndani ya gari la mafunzo. Alikuwa ameikanyaga mara nyingi kuliko alivyokanyaga kizingiti cha nyumba yake. Hata akipanda gari la mtu mwingine, mguu wake wa kulia ulikuwa ukiitafuta sakafuni. Mkewe alimtania kwamba hata usingizini anafunga breki, ndiyo maana shuka zinachanika upande wa miguuni.

Mke huyo alikuwa fundi cherehani, na kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, mkabala na nyumbani kwao. Yeye ndiye aliyekichora kivuko cha waenda kwa miguu juu ya ile meza. Alitumia rangi nyeupe ya kucha na futi yake ya kitambaa, akapima mlia mmoja mmoja, kwa sababu alikuwa mtu asiyevumilia mstari uliopinda. Breki alipofika hapo kwenye somo aligonga meza kwa fimbo.

"Hapa mwenye miguu ndiye mfalme," alisema. "Ukiona milia hii, simama. Usianze kujadiliana na nafsi yako."

Nyumbani nako aliwahubiria mkewe na binti yao wa pekee somo lilelile upande wa pili: usivuke popote ila penye milia, hata kama barabara ni tupu. Walimcheka, lakini walimtii. Miaka yote mkewe alivukia hapohapo, asubuhi akienda na jioni akirudi, futi ikining'inia shingoni.

Kisha barabara kuu ikawekwa lami mpya. Ilikuwa lami nzuri, nyeusi, isiyo na shimo hata moja, na watu waliisifu. Kumwaga lami ilikuwa kazi ya kampuni moja na kuchora mistari kazi ya kampuni nyingine, na hiyo nyingine ilikuwa bado haijapatikana. Basi mstari wa katikati, mishale na milia ya kivuko vikabaki chini ya lami. Fundi hakuhitaji kuiona milia ili ajue ilipo, kama vile mtu asivyohitaji mwanga ili aipate swichi ya chumbani kwake. Jioni moja alifunga kibanda, akashusha mguu palepale alipoushusha siku zote.

Gari lililomgonga lilikuwa la kusambaza mikate. Dereva wake alikuwa kijana aliyeitwa Mia-kwa-Mia, kwa sababu hakukosa swali hata moja kwenye mtihani, na alikuwa fahari ya Mwalimu Breki. Walikutana kwenye korido ya hospitali. Kijana alikuwa amekaa chini, kofia mikononi, analia bila kujificha.

"Mwalimu, nilikuwa naitafuta milia," alisema. "Nilijua iko karibu na pale. Ulitufundisha tusimame kwenye milia. Nikawa naangalia chini, naitafuta kwa macho, naitafuta... sikumwona mtu."

Breki alikaa chini kando yake. Alitaka kumchukia, na moyo ukakataa, maana kila neno la kijana yule lilikuwa limetoka kinywani mwake mwenyewe. Walikaa hivyo mpaka muuguzi akaja kuwaambia kwamba hakuna tena wa kumngoja.

Polisi walipima barabara, wakaandika kwamba marehemu alivuka mahali pasipo na kivuko, hivyo kosa ni la marehemu. Breki alikwenda kituoni kueleza kwamba kivuko kipo, ila kimefunikwa. Ofisa aliyeshughulikia jambo hilo alikuwa mtu mwenye adabu. Alifuatana naye hadi barabarani, akaikanyaga lami kwa kiatu, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, sheria inaangalia kilicho juu," alisema. "Kilicho chini hatuna namna ya kukiona. Pole sana."

Asiyekuwepo na lake halipo. Fundi alizikwa akiwa na kosa lake.

Waombolezaji walipokwisha kutawanyika na viti vya kuazima vimerudishwa, fundi alionekana amesimama ng'ambo ya barabara mbele ya kibanda chake, futi shingoni, akiangalia kulia, kushoto, kisha kulia tena. Majirani walimwamkia naye akaitikia. Inajulikana kwamba anayefia njiani akirudi nyumbani hana budi kuimaliza safari kwanza; akishavuka kizingiti chake, akaagana na watu wake, ndipo anapopumzika. Tatizo lilikuwa kwamba fundi hakuwa na mahali pa kuvukia.

Breki alivuka akaenda kusimama naye.

"Twende nyumbani, Fundi," alimwambia.

"Nitavukia wapi, Mwalimu? Milia iko wapi?"

"Nishike mkono. Barabara tupu hii."

"Wewe ndiye unaniambia hivyo?" Fundi alicheka kidogo. "Nilivuka bila milia mara moja tu, ukaona yaliyonipata. Sirudii."

Siku iliyofuata alimletea gari la mafunzo. Fundi akaingia, akafunga mkanda, wakavuka. Walipofika upande wa nyumbani kiti kilikuwa kitupu na mkanda umefungwa vilevile, naye amesimama kulekule ng'ambo, anampungia. Ikawa ndiyo hali yenyewe. Kila jioni Breki alivuka akaketi naye kwenye ngazi ya kibanda na kumpa habari za nyumbani. Binti yao alikuja na gauni. Mama yake alikuwa akimshonea gauni la bluu, na pindo lilikuwa bado limeshikizwa kwa pini.

"Lipandishe nusu kidole," mama alisema akilitazama kwa jicho moja. "Lakini usilishone wewe, utaliharibu. Nikifika nitalimalizia."

Binti akalirudisha gauni kabatini na pini zake.

Madereva walimzoea. Walipunguza mwendo wakimkaribia, wengine wakapiga honi ya salamu. Mia-kwa-Mia alipopita na mikate yake alivua kofia, naye fundi akamwitikia kwa kichwa, kwa kuwa hakuwa mtu wa kinyongo. Wanafunzi wa shule ya jirani walivuka karibu naye, kwa sababu magari yaliposita kwa ajili yake, wao walipata nafasi.

Breki alikwenda ofisi ya barabara kuomba milia irudishwe. Mhandisi alimkaribisha kiti. Juu ya meza yake kulikuwa na kikombe cha chai kilichofunikwa kwa kisahani.

"Mwalimu, msiba wako tunaujua," alisema. "Na ombi lako tulikuwa tumelipa uzito. Lakini kivuko huwekwa mahali penye ajali. Tangu mama aanze kusimama pale, hakuna ajali hata moja. Kwa kweli panaongoza kwa usalama katika barabara nzima."

"Anasimama pale kwa sababu hakuna kivuko."

"Ndiyo. Na kwa sababu anasimama pale, kivuko hakihitajiki." Mhandisi alisema bila kejeli, kama mtu anayesoma bei ya sukari. "Mama anatusaidia sana. Mfikishie shukrani zetu."

Breki alimfikishia. Fundi aliuliza kama shukrani hizo zina rangi nyeupe.

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, lakini upwa wa ofisi ile ulikuwa umekauka, na Breki alijua. Alinunua makopo ya rangi mwenyewe. Jumapili asubuhi, barabara ikiwa na magari machache, alitoka na brashi pana. Alimkuta Mia-kwa-Mia ameshafika, ameegesha gari la mikate kando na kuwasha taa zote za tahadhari, ana brashi yake. Hawakuwa wameambiana. Binti alisimama upande mmoja akiyasimamisha magari kwa kitambaa chekundu, na mama upande wa pili akatoa amri.

"Upana nusu mita. Shikeni futi." Aliivua shingoni akawarushia. "Huo wa tatu umepinda, Mwalimu. Ungekuwa mshono ningeufumua."

Waliufuta wa tatu wakauchora upya. Jua lilipopanda, kivuko kilikuwa kimetandazwa kutoka ngazi ya kibanda hadi mlango wa nyumbani, milia myeupe iliyonyooka kuliko ya serikali. Rangi ilipokauka, fundi aliangalia kulia, kushoto, kulia tena, akauweka mguu kwenye mlia wa kwanza. Ukamshika. Breki alilia hadharani, wala hakuona haya.

Wafu hutembea polepole, hilo nalo linajulikana. Mlia mmoja ulimchukua kutwa nzima. Magari yalisimama, yakamwacha, yakapita nyuma yake. Nyumbani binti alifua mashuka, akaitia mafuta cherehani ya zamani, akalitundika gauni la bluu ukutani lionekane mtu akiingia tu. Breki alipaka rangi mlango. Usiku ulipoingia waliacha taa ya ukumbini inawaka, maana si vizuri mgeni akute giza, sembuse mwenye nyumba. Kila asubuhi walifungua dirisha wakamkuta amesogea mlia mmoja. Alianza kuwasemesha bila kupaza sauti sana. Aliuliza nani amekata ule mpapai uliokuwa uani, na Breki akasingizia upepo.

Alikuwa amefika katikati ya barabara pale lilipokuja lori la lami.

Msimamizi wa kazi alishuka akavua kofia. "Shikamoo, mama. Mwalimu, pole na msiba," alisema. "Tumeagizwa tufute alama zisizo rasmi. Zinapotosha madereva."

"Mmekosa rangi ya kuchorea miezi yote," Breki alisema, "na ya kufutia mmeipata wapi?"

"Ya kufutia ni nyeusi, Mwalimu. Nyeusi ipo bohari tele. Nyeupe ndiyo hatujaletewa."

Vibarua walianza na milia ya nyuma, kisha ya mbele. Walifanya kazi kwa uangalifu, bila ubaya, mmoja wao akasema kwamba milia ilichorwa vizuri na ni masikitiko. Walipofika miguuni pa fundi walimwomba asogee kidogo. Akawaambia hana pa kusogea. Wakashauriana. Kanuni hairuhusu kummwagia mtu lami, basi wakaubakiza mlia ule mmoja aliokanyaga, wakakunja vifaa vyao. Binti alikuwa amesimama mlangoni. Mama yake alikuwa karibu kiasi cha kuonekana pini iliyosahaulika kwenye ukosi wake. Binti aliinyoosha mikono kama anayempokea mtoto, akaishusha.

"Laiti ningalitembea haraka," fundi alisema.

"Umetembea vizuri," Breki alimjibu.

Mtu kusimama katikati ya barabara kuu ni hatari, na ofisi haikulichelewesha hilo. Ndani ya wiki ileile walimjengea kisiwa, wakamzungushia mawe yenye kingo za saruji na kumwekea kibao cha duara cha bluu chenye mshale mweupe unaoelekeza kushoto. Watu walipoanza kusimamisha magari ili wamsalimie, kikaongezwa kibao cha pili kinachokataza kusimama. Na kwa kuwa hapakuwa na kivuko, hakuna aliyeruhusiwa kumwendea kwa miguu. Breki alivuka mara moja akakaa naye juu ya mawe. Trafiki alimwondoa kwa upole, akamweka kituoni hadi jioni, akamkumbusha kwamba mwalimu wa udereva akikutwa na kosa hilo tena atanyang'anywa kibali. Mwenye nguvu mpishe. Kutoka siku hiyo yeye na binti waliongea na mama kwa kupaza sauti kutoka dirishani, na malori yalipopita maneno yalipotea.

Kisha ikaja amri kwa shule zote za udereva kwamba alama ya kisiwa kile ifundishwe. Breki akakiweka mwenyewe katikati ya meza ya mji, pale palipokuwa na milia ya rangi ya kucha: kijitu cha mbao kwenye kijiwe cha saruji, na kishale.

"Alama hii ina maana gani?" aliuliza darasa.

"Pita kushoto kwa mama," wakaitikia. "Punguza mwendo. Usisimame."

Mzee mmoja mstaafu, ambaye aliamua kujifunza gari uzeeni na kila siku alikuwa na swali, akanyoosha kidole. "Samahani, Mwalimu, kuuliza si ujinga. Huyo mama anangoja nini?"

Breki aligeuza fimbo mikononi. "Hilo haliulizwi kwenye mtihani," alisema, kisha akaenda kwenye somo la mistari iliyokatika na mistari mizima.

Jioni ile binti yake alimwambia kwamba anataka kujifunza kuendesha.

"Ulikuwa unaogopa magari," Breki alisema. Tangu msiba alikuwa hapandi hata la jirani.

"Bado nayaogopa, Baba. Lakini kwa miguu siruhusiwi kumfikia. Kwa gari naruhusiwa kupita kando yake, ilimradi nisisimame."

Basi akamfundisha. Hakumhurumia mezani wala barabarani. Alimfundisha taa ya njano kwamba si ruhusa ya kuwahi, mshale wa lami kwamba ukishaingia njia yake huna ruhusa ya kubadili mawazo, na pembetatu kwamba inaonya, na duara jekundu kwamba linakataza. Zaidi alimfundisha jambo ambalo hakuwa amemfundisha mtu yeyote kabla.

"Angalia watu kwanza," alimwambia. "Mistari baadaye. Mistari inaweza isiwepo."

Walifanya mazoezi kwenye barabara za nyuma, mbali na kisiwa. Kupita kule waliamua kuiachia siku ya mtihani, maana Breki alikuwa hajiamini: pedali ilikuwa chini ya mguu wake, na pale angeikanyaga.

Siku ya mtihani binti alivaa gauni la bluu, pini zikiwa bado kwenye pindo. Zilimchoma kigimbi alipokanyaga klachi lakini hakulalamika. Mtahini, trafiki mnene mwenye sauti ya upole, alikaa kwenye kiti cha Breki. Breki akaketi nyuma. Waligeuka kwenye makutano, wakasubiri taa, wakashika barabara kuu, na mbele yao kikaonekana kibao cha bluu na mtu amesimama chini yake.

Binti aliangalia kioo. Alionyesha taa. Akashusha gia, gari likapungua mwendo mpaka likawa linatembea kama mtu. Dirisha lake lilikuwa wazi, na kwa kuwa usukani uko kulia na kisiwa kiko kulia, mama yake alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Mikono yote miwili ya binti ilibaki kwenye usukani.

"Mmekula?" mama aliuliza.

"Tumekula, Mama," binti alijibu macho yakiwa mbele.

"Na hilo pindo?"

"Linakungoja."

Gari lilikuwa limeshapita. Binti alimtazama kwenye kioo, kama inavyotakiwa, akazima taa ya indiketa akarudi kwenye njia yake. Machozi yalimtiririka, lakini hakuyafuta, kwa sababu kufuta kungehitaji mkono. Mtahini aligeuka nusu kuelekea kiti cha nyuma.

"Hongera, Mwalimu. Huyu amefaulu hata bila kuendelea," alisema. "Sijapata kuona mtu akipita pale vizuri namna ile."

Mguu wa kulia wa Breki ulikuwa umekandamiza sakafu ya nyuma kwa nguvu zake zote, pasipo na pedali, na gari liliendelea kwenda.